Tembo walitoka, faru wakaingia

Umeuliza tembo walifikaje Asia na Amerika ilhali asili yao ni Afrika. Walitembea. Kwa mamilioni ya miaka Afrika na Uarabuni zilikuwa pamoja kama kisiwa kikubwa kinachosogea kaskazini polepole, hadi takriban miaka milioni 20 iliyopita nchi kavu ikaungana na Asia. Mgongano huo ndio uliokunja milima ya Zagros kule Iran.

Lakini njia peke yake haitoshi, na hapa wengi wanapasahau: lazima ng'ambo kuwe na malisho. Kati ya miaka milioni 17 na 14 iliyopita dunia ilipata joto kali, misitu ikastawi hadi Ujerumani, ambako limechimbuliwa jino la jamii ya sokwe wa kale! Jamaa wa tembo wakafika Amerika Kaskazini kupitia Siberia. (Mababu wa tembo wa India wa leo walihama baadaye sana.)

Wanyama wengine walikuja huku Afrika: faru, jamii ya paka, mababu wa twiga. Mabaki ya faru wa kale yamepatikana Rusinga, Ziwa Victoria, kwenye miamba ya miaka milioni 18 hivi.