Kuondoa kabureta kwenye injini ya boti

Ndugu mwulizaji, umeuliza kama injini ya boti yako, MerCruiser ya lita 5.7, inaweza kuondolewa kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na kufungwa nozeli za kunyunyizia petroli zinazoongozwa na kompyuta ya injini iitwayo MegaSquirt. Inawezekana, lakini nakusihi uanze na mfumo wa mafuta kabla ya kompyuta. Kabureta hutosheka na shinikizo la petroli lisilofika psi 10 (psi ni kipimo cha shinikizo), ilhali nozeli huhitaji takriban psi 43. Kwa hiyo mpira uliochoka, ambao leo unavuja kidogo kwenye kibano, utarusha petroli ndani ya ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, na mvuke wake, kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, utatuama humo ukingoja cheche. Nunua mipira na pampu za boti, si za gari. Sensa ya oksijeni, inayopima oksijeni kwenye moshi, ikae kwenye ekzosi (bomba la moshi) mbele ya mahali maji ya kupozea yanapoingia, kwani yakiigusa ikiwa ya moto huipasua.