Maswali ya Kazini: "Bosi kanipa laki tatu nirudi Tabora"

Shangazi, shikamoo. Bosi alinitoa Tabora nije kumtunzia stoo ya vifaa vya ujenzi huku Tegeta, yapata miaka sita na miezi sasa. Mshahara 390,000, kazi siku sita kwa wiki, mkataba wa mdomo. Majuzi kasema biashara imeyumba, akaniwekea laki tatu mezani na karatasi iliyoandikwa "nimelipwa haki zangu zote". Nisiposaini hanipi hata hizo. Nina mke na watoto wawili hapa. Nifanyeje?
*Stoo kipa, Tegeta*

Marahaba, mwanangu. Wewe nilikupigia simu kwanza, maana barua ilinifikia siku zako zikiwa zinayoyoma. Haya naandika kwa ajili ya wenzako.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, ndani ya siku 30. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda na ueleze sababu ya maana, na "bosi aliniambia nivute subira" si sababu ya maana. Nilipokuwa afisa kazi niliwaona wengi wenye haki nyeupe kabisa wakikwama hapo hapo mlangoni. Fomu unaijaza, nakala unampelekea mwajiri, na unabaki na ushahidi kwamba ameipokea.

Sasa hesabu. Kwa anayefanya kazi siku sita, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 26, kwa hiyo siku yako moja ni 15,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Siku 7 ni 105,000, mara miaka sita ni 630,000. Hapo hatujagusa notisi ya siku 28, wala likizo ambayo hukwenda, wala siku ulizofanya kazi mwezi huu. Laki tatu haifiki hata nusu ya kiinua mgongo peke yake.

Na lipo jambo ambalo waajiri wengi hulipitia kimya kimya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mtu akiachishwa mahali tofauti na pale alipoajiriwa, mwajiri amsafirishe yeye na vitu vyake hadi huko, au alipie usafiri huo, au ampe posho isiyopungua nauli ya basi mpaka stendi iliyo karibu na kwao, pamoja na fedha ya kujikimu kwa siku anazosubiri kusafirishwa. Familia yako imo. Kwa hiyo godoro, kabati, mke na watoto, vyote vimo kwenye dai lako la Tabora. Liandike kwenye fomu tangu mwanzo. Nimeona watu wakilikumbuka wakati shauri limeshafika mbali, na hapo kuliingiza ni shughuli.

Kukosa mkataba wa maandishi kusikutie hofu. Wa kuandika alikuwa yeye, na asipoonyesha maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti mnayobishania unamwangukia yeye. Wewe kusanya ulivyo navyo: meseji za mshahara kwenye simu, daftari la stoo lenye mwandiko wako, taarifa ya michango yako NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukikuta NSSF hakuna kitu, hilo ni dai jingine.

Ile karatasi? Kama una njaa pokea pesa, lakini kabla ya kusaini andika kwa mkono wako: "Nimepokea 300,000, sehemu ya malipo, mengine nadai." Akikataa, ondoka na kalamu yako. Tena biashara kuyumba hakumpi ruhusa ya kukuaga asubuhi moja. Kupunguza wafanyakazi kuna utaratibu: anatoa taarifa mapema, anaeleza sababu, mnakaa mnajadiliana. Hilo nalo lipeleke CMA.

Nina hoteli ndogo Moshi. Nimempata mpishi hodari kutoka Taveta, Kenya, na pale mpakani Holili kagongewa muhuri vizuri tu. Si sote ni Afrika Mashariki? Pasipoti yake nimeiweka kwenye sefu asije akanikimbia.
*Mwenye hoteli, Moshi*

Ndugu yangu, anza na pasipoti. Mrudishie leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Ni mali ya serikali yao, haiwi dhamana ya mpishi.

Muhuri wa Holili unamruhusu kuingia na kukaa kama mgeni. Soko la pamoja lilianza Julai 2010, ni kweli, ila halijafuta vibali. Anahitaji kibali cha kazi kutoka kwa Kamishna wa Kazi, chini ya sheria ya ajira za wageni ya 2015, na kibali cha ukaazi daraja B kutoka Uhamiaji. Milango miwili, karatasi mbili, na zote ziwepo kabla hajashika mwiko. Utaulizwa kwa nini hukumpata Mtanzania, na Mtanzania gani atarithishwa ujuzi huo. Kwa pilau na mchuzi wa samaki, jibu hilo litakutoa jasho. Mimi ningeitafuta kwanza Moshi nzima. Ukipata kibali, kinamfunga kwako wewe. Akihamia hoteli ya jirani, jirani naye aanze upya.

Dada wa kazi wangu ni mjamzito. Jirani ananiambia sheria ya likizo ya uzazi ni ya maofisini tu.
*Mama wawili, Mwanza*

Jirani anakudanganya, mama. Siku 84 zenye mshahara, na akijifungua mapacha 100. Yeye anatakiwa kukuarifu angalau miezi mitatu kabla, na cheti cha kliniki juu. Siku hizo hazimezi likizo yake ya mwaka, na akirudi anyonyeshe kwa muda usiozidi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi.