Koyote na Risasi Ndogo: Maswali Yenu

Nipo Texas, nina bunduki ya 223. Ninunue risasi gani ya kuwindia koyote, hawa wanyama wa huku wanaofanana na mbweha?
Kichwa cha risasi cha greni 50 au 55 (greni ni kipimo cha uzito), chenye ncha ya plastiki au tundu mbele. Nunua maboksi ya aina mbili, jaribu kwenye shabaha, baki na ile inayokusanya matundu pamoja.

Zile za mtindo wa kijeshi, zilizofunikwa shaba mpaka nchani, ni nafuu. Ubaya wake nini?
Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka. Kichwa cha namna hiyo hakitanuki. Koyote ni mnyama wa kilo 10 hadi 20 hivi. Kinampita kama sindano kwenye kanga, naye anatoka mbio akafie vichakani kwa maumivu. Halafu risasi yako bado ina safari. Ikigonga jiwe au ardhi iliyoganda inaruka, na huko mbele kuna zizi la mtu. Kichwa laini chenye ganda jembamba hupasukia ndani, mara nyingi hakitoki upande wa pili, hata ngozi unaipata nzima. Ila ukiwa na bunduki ya 22-250, inayorusha greni 55 kwa zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde, ganda jembamba mno likigonga bega kwa karibu linapasuka juujuu na kuacha donda baya. Mwenye bunduki ya kasi hiyo atafute ganda nene kidogo. Watu wanabishania majina ya bunduki usiku kucha, kichwa cha risasi hawakiulizi.

Bunduki ya 17 HMR inatosha?
Kwa sungura, ndiyo. Kwa koyote, hapana: kichwa chake ni greni 17, yaani gramu 1.1 tu.

Bunduki ya baba mkwe ni ya zamani. Greni 69 zinatawanyika ovyo.
Soma maandishi ya mtutu. Ukiona 1:12, maana yake risasi inazunguka mara moja kila inchi 12. Hapo usizidi greni 55. Nzito zinataka 1:8 au 1:7. Na ukiwa hapo hapo: mtutu ulioandikwa 223 usiulishe 5.56 ya NATO, risasi ya kijeshi inayofanana nayo, shinikizo lake ni kubwa zaidi.

California je?
Madini ya risasi (lead) yamepigwa marufuku kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019, maana kondori, tai wakubwa wa huko, wanakula mizoga na kufa kwa sumu. Tumia shaba tupu. Shaba ni nyepesi, kwa hiyo kichwa cha uzito uleule huwa kirefu zaidi. Shuka greni kadhaa, hasa kwa mtutu wa 1:12.

Shikamoo mzee. Nasoma huku kwa viza ya F-1, rafiki kaniazima bunduki tukawinde.
Marahaba, mwanangu. Irudishe leo. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa misamaha michache, mmojawapo leseni hai ya uwindaji ya jimbo. Rafiki atakwambia koyote hahitaji leseni. Huenda kwake ni kweli. Wewe unaihitaji kwa sababu ya viza, si kwa sababu ya koyote. Ikate kabla hujagusa hata boksi la risasi.