Mjomba aligoma kusaini fomu ya utafiti wa sepsis, je tulikosea?

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, juzi kati alilazwa na sepsis, yaani maambukizi yanayofanya mwili uanze kuumiza viungo vyake wenyewe, iliyoanzia kwenye mkojo, tulimfikisha hospitali presha iko chini sana na hajielewi. Usiku uleule akaja nesi na fomu akasema kuna utafiti wa kiasi cha maji ya drip kwa wagonjwa kama yeye, je tunakubali aingie. Mjomba akagoma kabisa, akasema dada yangu sio panya wa maabara, na kaka yangu aliyeko Muscat akamuunga mkono kwenye simu. Namshukuru Mungu mama alipona yuko nyumbani ila nguvu bado. Sasa mimi roho inanisuta, tulikosea? Na mtu anajitoleaje kwenye utafiti wakati hata jina lake halijui? Mimi mzima naweza kujitolea badala yake? Wanalipa? Na mama bado anaweza kuingizwa? Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana kwa kuuguza. Hilo la kukosea nalimaliza kwanza maana naona ndo linakunyima usingizi: hamkukosea. Kukataa ni haki yenu, na mama alipata matibabu yaleyale ambayo angepata kama utafiti usingekuwepo pale wodini. Ingekuwa kuna mtu aliwaambia mkikataa mama atasukumwa mwisho wa foleni, hapo ningekuwa na maneno mengine na ningekwambia upeleke malalamiko, lakini kwa ulivyoandika nesi aliuliza, mkakataa, akaondoka. Hivo ndo inavyotakiwa.

Ila sababu ya mjomba, hiyo ya panya, naomba tuiongelee kidogo kwa sababu naisikia karibu kila zamu, na jibu lake liko hapohapo mkoani kwenu.

Kuanzia Januari 2009 hospitali ya Teule pale Muheza ilikuwa moja kati ya hospitali 6 zilizofanya utafiti ulioitwa FEAST, nyingine ni Kilifi kule Kenya, na nne za Uganda, yaani Mulago, Mbale, Soroti na Lacor. Walioingizwa ni watoto wenye homa kali ambao damu haizunguki vizuri, wale ambao nesi anabonyeza ukucha unakuwa mweupe akiachia anahesabu moja, mbili, tatu ndo wekundu unarudi, miguu ya baridi wakati kifua kinachemka, pumzi za shida au mtoto haeleweki. Wakati ule vitabu vingi vilisema mtoto wa hivi mkimbize na maji ya drip mengi kwa haraka, na madaktari wa Ulaya na Marekani ndo walivyokuwa wanafanya. Lakini hakuna aliyekuwa amepima kwa uhakika kama kweli inasaidia, hasa kwenye hospitali ambazo hazina ICU wala mashine ya kupumulia. Kwahiyo watoto wakagawanywa kwa bahati nasibu makundi matatu, wengine wakapewa maji ya chumvi kwa haraka, wengine albumini (maji yenye protini ya damu) kwa haraka, wengine hawakupewa mzigo huo wa haraka, wakawekewa drip ya taratibu tu ya kawaida, na wote wakapata antibayotiki, dawa ya malaria, oksijeni, damu kwa aliyehitaji.

Sasa hebu fikiria wewe ni mama upo Muheza usiku, mtoto wako kaangukia kundi lisilopewa maji ya haraka. Ungelia. Ungesema wamemnyima.

Januari 2011 kamati huru inayofuatilia usalama ikasema simamisheni, baada ya watoto 3,141 kuingizwa. Ndani ya saa 48 kwenye makundi mawili ya maji ya haraka walifariki asilimia 10.6 na 10.5, na kundi la "walionyimwa" asilimia 7.3. Yaani kwa kila watoto 100 waliopewa kile ambacho wote tulikuwa tunaamini ndo uokozi, watatu zaidi walikufa. Matokeo yalitoka mwaka huohuo 2011 na ugomvi wake kwa madaktari ulikuwa mkubwa, kuna waliokataa kabisa kuamini. Halafu mwaka 2017 yakaja ya watu wazima kutoka Lusaka, Zambia, hospitali ya chuo kikuu, wagonjwa wa sepsis wenye presha ya chini na wengi wao wanaishi na VVU: waliopewa maji mengi mapema kwa utaratibu uliopangwa pamoja na dawa za kupandisha presha walifariki hospitalini asilimia 48.1, waliotibiwa kama kawaida asilimia 33.

Kwahiyo ukimuona mjomba mwambie hivi: kabla ya utafiti kila mtoto alikuwa anajaribiwa, tofauti ni kwamba hakuna aliyekuwa anaandika matokeo. Hata dawa kubwa ya kizungu ilipita njia hiyohiyo, kuna sindano iliitwa Xigris, bei yake haishikiki, iliruhusiwa Marekani 2001 kwa ajili ya sepsis kali, miaka 10 baadaye utafiti mwingine ukaonyesha haiokoi mtu, kampuni ikaitoa sokoni dunia nzima Oktoba 2011. Na sio kila mara ni habari mbaya. Utafiti wa A-PLUS uliotoka 2023 uliingiza wajawazito zaidi ya 29,000 kwenye nchi 7, Kenya na Kongo zikiwemo, dozi moja tu ya gramu 2 za antibayotiki ya azithromaisini ya kumeza wakati wa uchungu, na mama waliopata sepsis au kufariki wakashuka kutoka asilimia 2.4 hadi 1.6. Kwa watoto wachanga haikusaidia kitu, nalisema maana watu wanapenda kuacha nusu ya habari.

Sasa hilo la mtu asiyejitambua anajitoleaje. Ukweli ni kwamba kwenye sepsis mgonjwa mwenyewe mara nyingi hajitolei, anayejitolea ni wewe uliyekaa kwenye benchi na khanga yake mkononi. Linganisha na Bagamoyo 2012, vijana wazima wa vyuo walikubali kuchomwa vimelea vya malaria makusudi ili dawa na chanjo zijaribiwe, wale walikuwa na muda wa kusoma, kuuliza, kurudi nyumbani kufikiria, kughairi. Sepsis haina muda huo, mwili unapambana na maambukizi mpaka unaanza kuumiza viungo vyake wenyewe, figo, mapafu, presha inaporomoka, na utafiti wa matibabu ya mwanzo unataka mgonjwa ndani ya saa chache. Ndo maana kamati za maadili, zile zinazokagua utafiti ili kuwalinda washiriki, zikaruhusu njia kama ile ya FEAST, ndugu anaelezwa kwa mdomo kwa kifupi, anakubali au anakataa, alafu mtoto akitulia ndo unaletewa fomu nzima ya kusoma na kusaini. Kwa mtu mzima ni hivohivo, ndugu anamsemea, na akizinduka lazima aulizwe yeye mwenyewe kama anaendelea. Akisema sitaki, basi, anatoka, hata kama mlisaini kurasa kumi.

Hapa ndo watu wengi hawajui: sahihi sio pingu. Unajitoa siku yoyote bila kutoa sababu. Ila uliza mapema damu iliyokwishachukuliwa inafanywaje ukijitoa, maana kwa kawaida unaweza kuomba sampuli ziteketezwe lakini taarifa zilizokwishaingizwa kwenye hesabu mara nyingi zinabaki. Hii iko kwenye fomu, tena kurasa za mwisho ambazo hakuna anayefika.

Nakubali pia kwamba fomu zetu ni tatizo. Zimeandikwa Kiswahili cha kutafsiriwa, ndefu, usiku mtu hajala tangu asubuhi unampa kurasa hizo anasaini ili uondoke mbele yake, hiyo siiti ridhaa. Kwahiyo usihangaike kusoma yote pale pale. Muulize nesi: mama akiingia atafanyiwa nini ambacho asingefanyiwa? Tukikataa atapata nini? Nani anachagua kundi lake? Jibu la kweli la hilo la mwisho ni kompyuta au bahasha iliyofungwa, sio daktari, na daktari akikwambia "mimi nitamuweka kundi zuri" jua haelewi utafiti wake au anakudanganya. Damu wanachukua kiasi gani cha ziada na inakwenda wapi, kama inasafirishwa nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli. Na namba ya simu ya mtu wa kumpigia, sio ya mtafiti peke yake, ya kamati ya maadili pia, zote zinatakiwa ziwe kwenye nakala unayobaki nayo wewe. Usipoachiwa nakala, idai.

Kibali kwa Tanzania ni cha kamati ya taifa ya maadili iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa), na kama ni dawa inajaribiwa lazima TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba) nao wawe wameruhusu. Kenya dawa zinapita kwa Pharmacy and Poisons Board (bodi ya dawa) na kamati za maadili zinazotambuliwa na NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), Uganda kuna UNCST (baraza la taifa la sayansi) na NDA (mamlaka ya dawa). Tafiti za kujaribu matibabu zinasajiliwa pia kwenye rejista za wazi mtandaoni, kuna ya Afrika inaitwa PACTR, unaandika neno sepsis unaona nani anafanya nini wapi. Hiyo sio kazi ya usiku wa emajensi, ni ya kesho yake asubuhi ukishakunywa chai, na ukikuta hakuna kitu unarudi kuuliza.

Pesa. Hulipwi kwa kuumwa. Unarudishiwa nauli ya kuja kliniki, pengine fidia kidogo ya muda wako, kiasi kinapitishwa na kamati ili kisiwe kikubwa mpaka mtu anaingia kwa sababu ya njaa. Vipimo na dawa za utafiti huzilipii, na kwenye majaribio ya dawa kunatakiwa kuwe na bima ya mshiriki akidhurika kwa ajili ya utafiti. Mtu yeyote akikwambia toa hela ya usajili ili uingizwe, huyo ni tapeli, usibishane naye, kata simu.

Wewe mzima. Ziko sehemu duniani wanachukua watu wenye afya na kuwachoma kiasi kidogo sana cha endotoksini, ile sumu ya kwenye ukuta wa bakteria, ili waangalie mwili unavyowaka, Nijmegen kule Uholanzi wamefanya kwa miaka mingi. Unatetemeka, kichwa kinauma, homa inapanda, kichefuchefu, na ndani ya saa chache inaisha, umelala kitandani na mashine za moyo na daktari pembeni. Sikushauri uanze kuitafuta. Mwaka 2006 London vijana 6 wazima walipewa dawa mpya iitwayo TGN1412, sio ya sepsis, kinga zao zikalipuka mpaka wote wakaenda ICU, na tangu hapo masharti ya kuwapa watu dawa kwa mara ya kwanza yakakazwa. Kitu cha kawaida zaidi kwa mtu kama wewe ni kuombwa damu ya kulinganishia, kama vijiko viwili vya chai hivi, ili maabara ijue damu ya mtu asiyeumwa wa eneo lenu inaonekanaje. Na kuna kazi nyingine ambayo haihitaji damu kabisa na mimi naithamini kuliko hiyo: kamati za ushauri za jamii, kama Kilifi ambako KEMRI (taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya) wana wawakilishi wa wanakijiji wanaopitia mipango ya utafiti na kusema hapa watu hawatakuelewa, hapa mnawatisha. Mtu aliyekaa usiku ule na mama yake ana cha kuwaambia watafiti. Uliza ofisi ya utafiti ya hospitali yoyote inayofanya tafiti.

Mwisho mama. Utafiti ule wa drip hawezi kuingia tena, dirisha lake lilifungwa usiku uleule. Lakini ziko tafiti za waliopona, maana udhaifu huo unaouona, usahaulifu, usingizi kukatika, kurudi hospitali na maambukizi mapya, ni mambo yanayojulikana baada ya sepsis na yamechunguzwa kidogo sana huku kwetu. Mbarara, Uganda, walifuatilia watoto waliolazwa kwa maambukizi wakaruhusiwa, karibu 5 kwa kila 100 walifariki ndani ya miezi 6 baada ya kutoka, wengi nyumbani wala sio hospitali. Kwahiyo mama akipigiwa simu na watu wa utafiti wa ufuatiliaji, mpe yeye simu, mwache asikilize na aamue, sasa hivi ana akili zake na mjomba hana haki ya kumsainia. Na utafiti uwepo usiwepo, akianza tena homa, kutetemeka, kukojoa kidogo au kuongea visivyoeleweka, usisubiri asubuhi, mpeleke na uwaambie pale mapokezi kabla hawajauliza kadi kwamba huyu aliwahi kupata sepsis.