Kabla hujapiga dawa hoho zako, geuza jani

Juzi dada mmoja msomaji wangu kaniandikia. Hoho zake zimestawi, kijani cha kuvutia, ila maua yanatoka na kupukutika, na majani ya juu yameanza kujikunja. Swali lake moja tu: "Kaka, nipige dawa gani?"

Dada, swali hilo niliwahi kumpelekea muuza dawa mmoja, na jibu lake bado linaniuma. Nilimbebea tawi zima. Akalitupia jicho mara moja, hata jani hakuligeuza, akashusha chupa kwenye rafu: "Hii inaua kila kitu." Kweli iliua kila kitu. Iliua mbawakawa wale wadogo wekundu wenye madoa meusi, iliua na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidukari, wale wadudu wadogo laini wanaofyonza utomvu wa mmea. Vidukari wenyewe walirudi haraka, safari hii bila adui. Jike la kidukari halihitaji dume; linazaa watoto hai, na baada ya siku chache nao wanazaa. Wadudu wanaowala hawana kasi hiyo. Nilipomrudia yule bwana, akaniuzia chupa kali zaidi, na wateja waliokuwa dukani wakanicheka.

Leo wanaokuja kuniomba miche ni wengi, na baadhi yao nawakumbuka sura. Nawapa. Moyoni najua ninachojua.

Habari za kitalu nazipita, hizo mnazijua. Twende kwenye jani.

Nenda asubuhi, shika jani changa la juu, ligeuze. Ukiona vidukari wamesongamana kwenye mshipa, magamba meupe waliyojivua, na sisimizi wakipanda na kushuka shinani, jua hao sisimizi wanafuata ule umajimaji mtamu wa vidukari na wanawalinda. Wazuie sisimizi na nusu ya kazi imekwisha. Halafu tazama kama kuna mdudu mweusi mwenye mabaka ya rangi ya chungwa, umbo lake kama kimamba kidogo. Watu humponda kwa hofu. Jamani, huyo ndiye mtoto wa yule mbawakawa mwekundu, na anakula vidukari kutwa nzima. Mwache!

Jani likijikunja kingo kwenda juu, shuku thiripi; kung'uta ua juu ya karatasi nyeupe utawaona wakitembea, wembamba mno. Likijikunja kwenda chini, likawa jembamba, gumu, na mgongoni limekuwa kahawia, hapo shuku utitiri. Utitiri una miguu minane, si mdudu wa kawaida, ndiyo maana dawa nyingi za wadudu haziufanyi kitu. Salfa huufaa, ila usiipige wakati wa jua kali, itababua majani.

Kwa vidukari na inzi weupe mimi natumia maji ya sabuni: kijiko kidogo cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni, chini ya majani. Narudia chini ya majani, maana wengi wenu mnaosha juu tu kisha mnalalamika sabuni haifanyi kazi. Inaua mdudu iliyemgusa, ikikauka imekwisha, kwa hiyo rudia baada ya siku tano hadi saba. Jaribu majani machache kwanza. Mafuta ya mwarobaini nayo ni mazuri kwa anayeyapata.

Sasa maua, dada yangu, hapo huenda mdudu hana kosa. Kijani kingi bila tunda mara nyingi ni naitrojeni iliyozidi, yaani urea au samadi nyingi. Na joto: mchana likipita nyuzi 32 au usiku likipita 24, hoho huangusha maua hata uzipige dawa gani. Weka matandazo, yaani nyasi kavu juu ya udongo shinani, mwagilia kwa kipimo kimoja, si leo mafuriko na kesho ukame. Kubadilisha-badilisha huko ndiko kunakoleta lile doa jeusi la kitako cha tunda. Ndugu zangu, acheni kukimbilia chupa! Macho hayauzwi dukani, na mmea unasema kila siku, sisi ndio hatusimami kuusikiliza. Geuza jani. Kesho geuza tena.

Zikianza kuzaa, chuma kwa mkasi, kwa sababu tawi la hoho ni tete, ukivuta kwa mkono linakatika na maua yake. Ukichuma za kijani mapema, mmea unarudi kutoa maua upesi. Ukizitaka nyekundu, subiri wiki mbili au tatu zaidi na ukubali hesabu itapungua. Mimi huacha chache tu ziive, za mbegu na za kuwaringia majirani.