Nani aliyekuambia una ugonjwa?

Wiki hii mmetuuliza hivi: programu ya simu ikipiga picha uso wako, ikakutajia kasoro zake, kisha ikakushauri dawa au upasuaji, je, hiyo ni huduma ya afya? Jibu langu ni hapana, na sababu ninayo kwenye ngozi yangu mwenyewe.

Mimi ni msusi, nina saluni Ngamiani, Tanga. Mwezi uliopita binti yangu, yuko kidato cha tatu, alinijia jikoni ameshika simu. "Mama, nimepata hamsini na nane." Nikadhani ni jaribio la hesabu. Kumbe ni uso wake ndio uliopewa alama hizo, kwa mia. Akili mnemba ilikuwa imemzungushia viduara mashavuni na kuandika: rangi isiyolingana, weusi chini ya macho, pua pana. Chini yake kuna losheni tatu za kununua, na mahali pa kubonyeza uone pua itakavyokuwa ikishapunguzwa.

Pua ile ni ya marehemu mama yangu. Nilimzika mwaka 2006, na pua yake nikaiona tena siku binti alipozaliwa. Sikuweza kumjibu mtoto pale pale. Nilizima jiko nikaenda kukaa uani.

Mwaka 1999 nilikuwa nasubiri kuolewa. Huku pwani bibi arusi anatunzwa: anasingwa kwa singo na liwa, anapakwa hina na piko, anafukizwa udi. Hayo yote nilifanyiwa na nikayafurahia, wala simshangai mtu anayependa kupendeza. Ndiyo kazi inayonilisha. Lakini shangazi mmoja alinitazama akasema, "Mwanangu, hii maji ya kunde haitatoka vizuri kwenye picha." Neno moja tu. Kesho yake nilikwenda dukani nikachanganyiwa mkorogo kwenye kopo lisilo na jina.

Kazi ya mkorogo naijua sasa, wakati ule sikuijua. Haidrokwinoni iliyomo huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Steroidi huikwangua iwe nyembamba kama karatasi ya sigara. Zebaki, ikiwamo, haiishii kwenye ngozi, inakwenda hadi kwenye figo. Tangu mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walikuwa wameshachapisha habari za wagonjwa wa figo waliokuwa wakipaka krimu za kujichubua. Miaka ishirini na saba kabla ya arusi yangu! Nchi yetu imepiga marufuku vipodozi vyenye sumu hizo, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa kuhusu zebaki, wa mwaka 2013 ulitaka vyenye zebaki inayozidi sehemu moja kwa milioni vikome ifikapo 2020. Kopo bado linauzwa.

Mwaka wa kwanza niling'aa. Wa tatu mashavu yakaanza kuingia weusi wenye rangi ya bluu, vifundo vya vidole vikagoma kabisa kubadilika, na watoto wa mtaani wakanipa ile kauli ya uso Fanta, mikono Coca-Cola. Nilipojifungua binti yangu kwa upasuaji, kidonda kilikawia sana kufunga. Muuguzi aliniambia waziwazi kwamba ngozi yangu ilikuwa haishiki uzi vizuri.

Ndipo nilipokwenda kliniki ya ngozi, na nitasema ukweli: sikwenda kutubu, nilikwenda kutafuta dawa yenye nguvu zaidi. Daktari alikuwa mzee wa makamo. Aliniuliza, "Kabla hujaanza kupaka, ulikuwa unaumwa nini?" Nikasema sikuwa naumwa. Akaniuliza tena, taratibu, "Sasa nani aliyekuambia una ugonjwa?"

Swali hilo nimelibeba hadi leo, na ndilo ninalolielekeza kwa programu ya binti yangu. Tiba huanza na mtu anayesema panamuuma, panawasha, hapumui vizuri. Daktari husikiliza kwanza. Programu hii haikumuuliza mtoto chochote. Ilianza yenyewe kumpa ugonjwa, na papo hapo ikamwonyesha bei ya dawa. Ni shangazi yangu na lile duka wameunganishwa, wakawekwa mfukoni mwa mtoto wa miaka kumi na sita, mchana na usiku. Wakaguzi wa Shirika la Viwango, TBS, wanaweza kuingia dukani wakakamata makatoni. Kwenye simu yake wataingilia wapi?

Watu wataniambia kompyuta haina upendeleo, inahesabu tu. Inahesabu kwa kulinganisha na picha ilizofundishwa. Hata kipimo cha aina za ngozi kinachotumika sana duniani, kile cha Fitzpatrick cha mwaka 1975, kilianza kwa kugawa ngozi nyeupe peke yake, ili ijulikane ivumilie mwanga kiasi gani katika matibabu. Ngozi za kahawia na nyeusi ziliongezwa baadaye, mwisho wa orodha. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha matokeo ya kujaribu programu za kutambua magonjwa ya ngozi kwa picha za watu wa rangi mbalimbali, wakakuta kwa ngozi nyeusi zinakosea zaidi. Na kile kifaa cha kubana kidoleni kupima oksijeni, ambacho wengi tulikijua wakati wa korona? Utafiti wa Marekani uliotoka Desemba 2020 ulionyesha kwamba kilipoonyesha oksijeni inatosha, damu ilikuwa na upungufu kwa wagonjwa weusi karibu 12 katika kila 100, na kwa weupe karibu 4.

Kwa hiyo vyombo ambavyo havijatujua vya kutosha hata kugundua tunapokufa, leo vinapewa kazi ya kutuambia tunapaswa kufananaje. Hilo linanikera kuliko losheni zenyewe.

Mashine zenyewe sizikatai. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali programu za kompyuta zisome eksirei za kifua kutafuta kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Penye uhaba wa wataalamu wa kusoma picha hizo, hiyo ni neema. Ila angalia kinachotafutwa pale: ni ugonjwa uliopo, unaoua, na mgonjwa akibainika anapimwa makohozi. Hakuna anayepata faida kwa kumzulia mtu kifua kikuu.

Kuhusu upasuaji nitasema kidogo, kwa sababu si fani yangu. Mtoto aliyezaliwa na mdomo sungura kufanyiwa upasuaji hospitali ya CCBRT ni haki yake, na mama aliyeungua moto kurekebishiwa shingo iweze kugeuka ni haki yake. Nina mteja ambaye matiti yanamlemea hadi mgongo unamuuma. Akipata uwezo wa kwenda hospitali ya Mloganzila kwenye ule upasuaji rekebishi wao, nitamsindikiza mwenyewe. Hata mtu mzima anayetaka makalio makubwa bila maumivu yoyote, baada ya kuelezwa hatari zake na daktari asiye na haraka, siwezi kumfungia mlango. Ninachokataa ni tamaa hiyo kupandwa kwa mtoto na chombo kinacholipwa kila anapoichukia sura yake.

Na hapa serikali ina la kufanya. Programu yoyote inayotaja neno ngozi, kasoro au tiba ipimwe kama vifaa vya tiba vinavyopimwa, iseme wazi imejaribiwa kwa ngozi za akina nani, ikatazwe kuuza dawa kwenye ukurasa uleule inapotoa majibu, na isimpe alama mtu aliye chini ya miaka 18. Mimi nimeanza na duka langu: mteja akiniletea kopo nimchanganyie, namwonyesha vifundo vya vidole vyangu.

Binti nilimpeleka kliniki, kwa sababu chunusi kweli alikuwa nazo kidevuni na zilikuwa zinamuuma. Daktari, safari hii dada mdogo tu, aliosha mikono, akamgusa uso, akamuuliza zilianza lini, anapaka nini, hedhi yake ikoje. Akamwandikia dawa ya kupaka usiku na kumwambia aache losheni zote. Mwanangu akamuuliza, "Na pua?"

"Unapumua vizuri?"

"Ndiyo."

"Basi hiyo haiko kwenye faili langu."

Programu bado iko kwenye simu yake. Sijamlazimisha aifute. Jana usiku alitoa albamu kabatini, akakaa muda mrefu na picha moja ya bibi yake, ile aliyopiga Raskazone na kanga mbili, kisha akaniuliza kama anaweza kukaa nayo chumbani kwake.