Majira utayaona, tena mlangoni

Dada, umeuliza kama ukihamia Pongwe utayaona majira yakibadilika, au Tanga ni joto tu mwaka mzima. Utayaona sana! Masika yakishika, kuanzia Machi, mchicha hujiotea hadi kando ya mfereji. Ng'ombe wa maziwa wa majirani hukatiwa majani alfajiri. Ukipita bandani unawasikia wakitafuna, pua zimelowa umande, na ndama anakuramba mkono kwa ulimi unaokwaruza kama msasa. Kisha kusi huvuma, asubuhi hupoa, na machungwa ya Muheza yanashuka kwa matenga. Maembe subiri kaskazi, upepo wa kaskazini. Mimi Juni siibadilishi na mwezi wowote. Ukifika, panda asumini chini ya dirisha, hufunguka magharibi ikiingia.